Garanti moja, majina matatu: kisa cha vijana waliopanga pamoja huko Katuba, Lubumbashi

Kisa hiki kinahusu vijana watatu wa kiume ambao, mwezi wa Oktoba wa mwaka jana, walikuwa karibu kulala nje katika mji wa Lubumbashi, nchini Kongo ya Kinshasa, na ambao waliingia pamoja katika anexe (nyumba ndogo ya uani) ya vyumba viwili na sebule kwenye komini ya Katuba, mojawapo ya wilaya za mji. Wawili kati yao wangali wanaishi humo. Wa tatu ameondoka kwa utaratibu, bila ugomvi na bila kupoteza fedha zake. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu kazi ya kusindikiza vijana wa namna hii, katika kikundi chetu cha parokia, imenifanya niamini kwamba kijana anayeanza maisha bila familia nyuma yake haangushwi sana na kodi ya mwezi. Kinachomwangusha ni garanti, yaani amana anayowekewa mwenye nyumba, fedha nyingi zinazodaiwa siku moja, ambazo baadaye hakuna anayejua ni za nani. Majina, avenyu (mtaa) na namba ya parseli (kiwanja) nimeviacha. Nitawataja vijana kwa shughuli zao: mchomeleaji, kinyozi na mwanafunzi.

Mchomeleaji ana miaka 19. Baba yake alipofariki, nyumba waliyokuwa wakiishi Ruashi iliuzwa na ndugu za marehemu, naye akachukuliwa na baba yake mdogo, aliyemlisha na kumtafutia nafasi ya kujifunza kazi kwenye karakana ya vyuma. Mwezi wa Septemba aliambiwa kwamba binti wa nyumba hiyo anarudi na watoto wake, na kwamba chumba chake kinahitajika kabla mwezi haujaisha. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, mbele ya ndugu zake, na kijana alilijua hilo vizuri kwa kuwa jirani mmoja alikwisha kumweleza. Hakutaka kumshtaki mtu aliyemlea. Tuliliheshimu neno lake, tukamwomba jambo moja tu: atafute nakala ya fishi ya parseli, yaani karatasi ya umiliki wa kiwanja, na cheti cha kifo cha baba yake, avihifadhi, ili siku atakapoamua kudai asianze mikono mitupu.

Kinyozi alikuwa ametimiza miaka 18. Alipelekwa kwenye kituo cha watoto akiwa mdogo, baada ya mama yake kufa na watu wa nyumbani kwa baba yake kumsingizia uchawi. Kusingizia mtoto uchawi ni kosa linaloadhibiwa na kifungu cha 160 cha sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, lakini aliyefukuzwa usiku hana wa kumsomea kifungu. Kituo kilimlea vizuri na kumfundisha kazi. Shida yake ilikuja siku alipotimiza miaka 18, kwa sababu sheria hiyohiyo humhesabu mtu kuwa mtoto hadi umri huo, na kitanda chake kilikuwa kinasubiriwa na mdogo zaidi. Alitoka na godoro, sufuria mbili na dola 25.

Mwanafunzi, mwenye miaka 22, alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kulala kama makizari katika mojawapo ya homu (mabweni) za Kasapa, kampasi ya chuo hicho, maana yake chumba ni cha mwenzake na yeye hutandika chini. Kila uongozi unapokagua vyumba, hao ndio wa kwanza kutolewa. Baba yake alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hadi operesheni ya kuondoka kwa hiari ya mwaka 2003, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja na kuachana na kampuni. Leo mzee analima mahindi karibu na Likasi, na fedha zake hufika Lubumbashi kwa kufuata mavuno, si kwa kufuata kalenda ya chuo.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kupanga peke yake. Kuwakutanisha hakukuwa kazi ngumu, maana kinyozi na mchomeleaji walijuana kutokana na karakana kuwa karibu na kibanda cha kunyolea, na mwanafunzi aliletwa na mwana-kwaya mwenzake. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya wazungumze mambo ambayo vijana huona haya kuyazungumza kabla ya kuishi pamoja: nani analipwa kila siku, nani analipwa kazi inapokwisha, nani anasubiri mzazi, nani anakunywa pombe, mgeni wa kike anaruhusiwa hadi saa ngapi, ndugu akija kutoka kijijini atakaa siku ngapi. Watu wengi wanaowasaidia vijana hulipita hatua hii haraka kwa kuona kwamba mwenye shida hana nafasi ya kuchagua. Mimi naiona kuwa nusu ya kazi yote. Katika mazungumzo hayo kijana wa nne, mwenye tabia njema tu, alijiondoa mwenyewe alipoelewa kwamba wenzake wanataka mlango ufungwe saa nne usiku, na kwa kujiondoa wakati ule aliwaepusha wote na ugomvi ambao ungezuka mwezi wa pili.

Nyumba ilitafutwa kupitia kamisioneri, yaani dalali wa nyumba. Wenye parseli kadhaa walikataa bila hata kuuliza kodi, kwa sababu vijana wasio na wake husemwa kuwa wanapiga muziki, wanaleta wasichana na kuhama usiku. Huyo aliyewapokea ni mama mjane anayekaa katika nyumba kubwa ya parseli hiyohiyo, na hofu zake zilikuwa za haki. Wapangaji waliotangulia walimwachia deni la umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na aliposikia kwamba mmoja wa vijana ni mchomeleaji aliwaza mara moja mashine ya kuchomelea ikinguruma uani na kuunguza nyaya zake. Kodi aliyotaja ilikuwa dola 75 kwa mwezi, na garanti ya miezi sita, yaani dola 450.

Hapo sheria ilitusaidia, lakini kwa namna ambayo inastahili kuelezwa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji usio wa biashara inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi mitatu. Kama vijana wenyewe wangemsomea mama yule sheria, angefunga mlango na kumtafuta mpangaji mwingine, na mji huu haukosi wapangaji. Aliyezungumza naye ni shefu wa avenyu, mzee anayemfahamu tangu enzi za mumewe, aliyemkalisha na kumwambia kwa heshima: «Mama, ukipokea miezi sita leo, siku wakitoka utairudisha kwa mfuko gani?» Swali hilo liligusa ukweli unaofahamika na kila mwenye parseli Lubumbashi. Garanti ni mali ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba, lakini kwa kawaida huwa imekwisha kununua mabati au kulipa masomo ya watoto kabla ya mwezi wa kwanza kuisha, na anayetoka huambiwa asubiri hadi mpangaji mpya aingie na garanti yake. Mama alikubali miezi mitatu, dola 225. Yeye naye alipewa mambo mawili kwa maandishi: kutochomelea chochote ndani ya parseli, na theluthi ya bili ya umeme kulipwa kila mwezi mbele yake, risiti ikibaki kwake.

Kamisioneri aliomba kodi ya mwezi mzima, akashuka hadi dola 45. Kwa hiyo fedha zilizohitajika siku ya kuingia zilikuwa 225 za garanti, 75 za kodi ya mwezi wa kwanza na 45 za kamisioneri, jumla dola 345, sawa na 115 kwa kila kijana. Mchomeleaji alikuwa na 60, mwanafunzi 80, kinyozi zile 25 za kituo. Zilipungua dola 180, ambazo zilitoka katika mfuko wa kikundi chetu cha parokia.

Kuna waliopendekeza kwamba kikundi kilipe kodi ya miezi michache ili vijana wapumue. Nilipinga, na bado ningepinga. Kodi ikilipwa na mtu mwingine inaisha pamoja na mwezi, na kijana anajikuta mwezi wa nne pale alipokuwa mwezi wa kwanza. Fedha ikiwekwa katika garanti inabaki, na ikibaki kwa jina la kijana inamfanya mtu mwenye kitu cha kupoteza na kitu cha kuhama nacho. Hivyo kila mmoja aliandikiwa deni lake mwenyewe: mchomeleaji 55, mwanafunzi 35, kinyozi 90, bila riba, kwa kulipa dola 5 kwa mwezi. Mwanafunzi angemaliza kwa miezi 7, mchomeleaji kwa miezi 11, kinyozi kwa miezi 18. Kinyozi aliuliza kwa nini deni lake ni refu kuliko la wenzake ilhali yeye ndiye maskini zaidi. Lilikuwa swali zuri. Tungeweza kugawa upungufu sawa kwa sawa, dola 60 kila mmoja, lakini basi mwanafunzi angelipa sehemu ya garanti ya kinyozi, na siku ya kuachana hesabu ingewagombanisha. Alipoonyeshwa kwamba mwisho wake atakuwa na dola 75 kamili zilizo zake katika nyumba ile, kama wenzake, alitia sahihi.

Mkataba na mama mwenye parseli uliandikwa mmoja, wenye majina matatu, ukapelekwa kwenye ofisi ya makazi ya komini. Hatukutaka jina la mtu mzima yeyote wa kikundi liwe la mpangaji. Mdhamini anayejiandika kuwa mpangaji anakuwa, bila kutaka, bwana wa nyumba ya vijana, na siku akigombana nao wanatoka wote. Shefu wa avenyu na mmoja wetu tulisaini kama mashahidi tu.

Karatasi ya pili, ambayo mwenye parseli hakuihitaji ila aliisoma, ilikuwa mapatano ya vijana wenyewe kwa wenyewe. Ilisema kwamba garanti ni sehemu tatu za dola 75 zenye wenyewe. Kwamba hakuna anayeruhusiwa kula garanti yake kwa kuacha kulipa kodi. Kwamba anayetaka kuondoka anatoa taarifa mwezi mmoja kabla na kutafuta mtu wa kumrithi ambaye wenzake na mama wanamkubali. Na kwamba huyo anayeingia ndiye anayemlipa anayetoka sehemu yake ya garanti, baada ya kukatwa madeni. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kilichobeba kisa chote, kwa kuwa hakimlazimu mwenye nyumba kutafuta fedha ambazo amekwisha kuzitumia. Zile 225 zinabaki palepale kwake, wenyewe tu ndio wanaobadilika.

Miezi ya kwanza ilipita vizuri kuliko tulivyotazamia, isipokuwa katika mambo mawili. La kwanza lilikuwa thamani ya fedha. Kodi inadaiwa kwa dola, ilhali kinyozi analipwa kwa faranga, kichwa baada ya kichwa, na aliyeweka faranga zake nyumbani hadi tarehe 28 alijikuta anapungukiwa kila mara kiwango kilipopanda. Walikubaliana kwamba kila mmoja abadilishe faranga zake siku anayozipata na kuziweka katika akaunti ya dola ya M-Pesa kwenye simu yake, kisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazitume kwa mchomeleaji, ambaye hulipa na kupokea sahihi ya mama katika daftari. Simu ya mtu mmoja haikai na fedha za wote zaidi ya usiku mmoja.

La pili lilikuwa chakula. Walianza kwa kuchanga pamoja unga, makala (mkaa) na mboga, kama ndugu. Mchomeleaji anarudi jioni na njaa ya kazi nzito na anakula bukari (ugali) ya watu wawili. Kinyozi hula mchana kazini. Mwanafunzi huwa hana mchango wiki ya mwisho. Mwezi wa pili tu, manung'uniko ya unga yalikuwa yamefika kwenye kodi, mmoja akisema atakata katika kodi kile alichozidisha katika unga. Tuliwashauri watenganishe kabisa mifuko hiyo miwili. Kodi, umeme na deni la kikundi vikawa wajibu usiojadiliwa. Chakula kikawa hiari, anayetaka kupika peke yake akipika, wanaotaka kuungana wakiungana. Jambo la kupendeza ni kwamba baada ya kutenganishwa walirudi kula pamoja siku nyingi kuliko zamani, kwa sababu sasa sahani haikuwa tena na hesabu ya kodi ndani yake.

Mtihani wenyewe ulikuja Machi, mwezi wa tano. Mahindi ya Likasi yalikuwa bado shambani, ada za chuo zilidaiwa, na mwanafunzi hakuwa na kodi. Wenzake walimfidia mwezi huo, na walimfidia tena Aprili, dola 12 na nusu kila mmoja kwa kila mwezi, jambo lililowaumiza sana. Kinyozi aliacha nafasi yake katika likelemba ya sokoni, yaani mchango wa kupeana fedha kwa zamu, ili aweze. Baba wa mwanafunzi aliugua, na kijana akaamua kusimamisha masomo na kurudi Likasi kumsaidia. Katika nyumba nyingi za vijana hapa ndipo mambo huvunjika: anayetoka anadai garanti, mwenye parseli hana, wanaobaki hawawezi kubeba kodi ya watatu, na kufikia mwezi wa saba wote wako nje. Hapa kulikuwa na karatasi. Alitoa taarifa mwanzoni mwa Aprili, na wote wakaanza kutafuta mtu.

Mchomeleaji alimleta kijana anayejifunza naye kazi, mwenye miaka 16, ambaye alikuwa akilala katika karakana kati ya vyuma. Sote tulitamani kumpokea. Uamuzi wa kumkatalia ulikuwa mgumu kuliko yote katika kisa hiki, na ninausimamia. Mtu wa miaka 16 ni mtoto mbele ya sheria. Hawezi kujifunga kwa mkataba wa kupanga, na deni la garanti lisingemshika yeye bali lingewaangukia wenzake. Zaidi ya hayo, angeishi chini ya vijana wawili ambao hawana mamlaka wala wajibu wa mlezi juu yake. Anahitaji nyumba yenye mtu mzima, si sehemu ya theluthi katika nyumba ya wapangaji. Lakini kumkatalia na kumwacha arudi karakanani kungekuwa ukatili. Habari yake ilifikishwa kwa watumishi wa Mambo ya Jamii, na baada ya kufuatilia ukoo wake alipatikana mama mkubwa upande wa mama yake huko Kampemba, aliyekubali kumpokea iwapo bwana wa karakana ataendelea kumfundisha bila kumdai. Bwana huyo alikubali. Vijana wa Katuba humwalika Jumapili.

Aliyeingia mahali pa mwanafunzi ni mfanyakazi wa tanuru la mikate mwenye miaka 21, aliyekuwa akilala zamu kwa zamu kwa marafiki. Alipaswa kutoa 75 za garanti na 25 za kodi ya Mei. Alikuwa na 70, kikundi kikamkopesha 30. Hesabu ya mwanafunzi ilifanywa mezani mbele ya mama mwenye parseli: katika dola 75 zake zilitolewa 50 za kodi ya miezi miwili, zikarudishwa kwa wenzake waliomfidia, na 15 zilizosalia katika deni lake kwa kikundi. Alipokea dola 10 mkononi, nauli ya Likasi na zaidi kidogo. Ni fedha ndogo, lakini alitoka bila deni, na wenzake walimsindikiza hadi kwenye gari. Jina lake lilifutwa katika mkataba, la mwenzake likaandikwa, na komini ikapiga muhuri.

Jambo moja katika mpango huu bado linanisumbua. Kipengele cha mrithi kinafanya kazi pale ambapo mtu wa kuingia anapatikana ndani ya mwezi mmoja. Kama angechelewa miezi mitatu, wale wawili wasingeweza kubeba dola 75 kila mwezi, hata kwa nia njema yote waliyokuwa nayo. Kwa hiyo katika kundi linalofuata tumeomba kikundi kiweke pembeni fedha za kodi ya mtu mmoja kwa miezi miwili, zitakazoguswa pale tu nafasi inapobaki wazi, na kulipwa na anayeingia kidogo kidogo.

Mchomeleaji alimaliza deni lake Septemba, mfanyakazi wa tanuru Oktoba. Kinyozi amebakiza dola 30. Mwaka ulipotimia, mama mwenye parseli aliomba kodi ipande hadi dola 90, akieleza kwamba kodi za Katuba zimepanda pande zote, jambo ambalo ni kweli. Vijana walimwonyesha ukuta wa chumba cha nyuma ulioloa kwa sababu mfereji wa bati umeoza, na mvua za Novemba zilikuwa zimekwisha kuanza. Walikubaliana dola 80. Mama alitaka garanti nayo ifuate kodi, na miezi mitatu ya dola 80 ni 240, kwa hiyo walidaiwa nyongeza ya dola 15. Waliomba badala yake wanunue mfereji mpya wenyewe, dola 5 kila mmoja, mchomeleaji autengeneze karakanani na kuufunga bila malipo, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa nyongeza ya garanti. Mama alikubali, na jambo hilo limeandikwa katika ukurasa wa pili wa mkataba mpya, pamoja na majina matatu na dola 80 mbele ya kila jina.